Yule wa Tatu Aliyekatazwa Kusafiri

Bwenini, 12 Mei

Bibi, mke mwenzangu,

Shikamoo. Mimi mzima, ukiacha kikohozi cha huku ambacho ni kama sare ya shule, kila mtu anacho. Nakuandikia kwa sababu nina shida. Usiniambie kwamba nakukumbuka nikiwa na shida tu, nimeshajisema mwenyewe.

Mwalimu wa historia ametupa kazi ya muhula mzima: wasafiri wa kwanza wa Ulaya waliovuka bahari. Kila mwanafunzi achague mmoja, amtafiti, kisha asimame mbele ya darasa aeleze mtu huyo alitafuta nini na alipata nini. Maktaba yetu ina kitabu kimoja tu cha kufaa, na kurasa za ramani zimechanwa. Darasa zima limegawana Kolombo na Vasco da Gama kama mkate, na zamu yangu ilipofika hata makombo hayakuwepo. Wewe umefundisha jiografia mpaka chaki ikakuingia damuni. Nitafutie mtu wangu mwenyewe.

Kuna habari yoyote ya kaka? Tangu ile kadi aliyotuandikia kutoka bandarini, kwamba amepata meli ya kuzamia, posta ikija huwa mimi ndiye wa kwanza mlangoni. Wasichana wa hapa wakisikia kwamba mtu kazamia meli hucheka, wanaona ni ujanja wa kusafiri bure. Hawafikirii kwamba mtu aliyejificha ndani ya meli jina lake halijaandikwa popote, kwa hiyo akipotea hakuna hata wa kuulizwa.

Mkumbushe baba siku ya wazazi. Msalimie mama, mwambie asishone gizani.

Matroni bado anasoma kila barua inayoingia na inayotoka, basi ukijibu usinitukane.

Mke mdogo

*

Nyumbani, 20 Mei

Mke mwenzangu,

Marahaba. Tangu marehemu babu yako alipokupakata siku ya kwanza akatangaza kwamba ameoa tena, sijawahi kupata mke mwenza mwenye mwandiko mbaya kama wako. Nakurudishia barua yako ikiwa na wino mwekundu. Usinune. Matroni, kama umefika hapa, hujambo? Mtoto huyu avae sweta.

Sasa tusome. Kwanza, wengi watasimama mbele ya darasa waseme kwamba watu hawa "waligundua" nchi fulani. Wewe usiseme. Mtu akiingia sebuleni kwako bila kupiga hodi hajaigundua sebule yako. Amefika, basi, na wenyeji walikuwa wamekaa wanamtazama.

Pili, usidhani walikuwa majasiri muda wote. Waliogopa sana. Kolombo, kwa mfano, inaelezwa katika habari za safari yake kwamba alikuwa na hesabu mbili za mwendo. Moja aliiweka moyoni, ya umbali aliodhani wamesafiri. Ya pili, fupi zaidi, ndiyo aliyowatajia mabaharia, ili wasijue wako mbali kiasi gani na nyumbani. Mimi huwa simlaumu sana. Ukiwa na watu wenye hofu ndani ya chombo kimoja, ukweli nao una uzito wake.

Tatu, kurudi. Kila mtoto anajua kwamba Magelani aliizunguka dunia. Magelani aliuawa njiani. Waliokamilisha mzunguko kwenye meli yake iliyosalia walikuwa wachache, wamekonda, fizi zimevimba. Jina lilirudi, mwenyewe hakurudi. Umfikirie huyo. Ila kama unataka ambaye hakuna mwenzako atakayemtaja, nakupa ndugu watatu.

Walikuwa Wareno, wa ukoo wa Corte-Real. Mdogo wao, Gaspar, alisafiri kwenda kaskazini-magharibi, kwenye bahari ya barafu, na mwaka 1501 meli alizotoka nazo zilirudi bila yake. Mwaka uliofuata kaka yake, Migel, akaenda kumtafuta. Walipofika huko wakaona mito na ghuba ni nyingi, wakagawana, kila meli upande wake, wakapanga siku moja ya mwezi Agosti wakutane mahali pamoja. Siku ikafika. Meli nyingine zikaja. Ya Migel haikuja. Ndugu wa tatu akaomba naye aende, mfalme akamkatalia. Nimekuchorea ramani, mstari wa nukta ni Gaspar, mstari wa vipande ni Migel.

Baba yako anakusalimu. Ana kazi nyingi mno za mageti ya watu, na siku ya wazazi hataweza kuja, usimlaumu. Geti letu wenyewe bado linalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Mganga hajigangi. Kaka yako hajaandika, lakini posta za huko mbali unazijua.

Kula matunda. Ni ushauri wa afya na ni somo pia: fizi za mabaharia zilioza kwa kukosa matunda.

Mke mkubwa

*

Bwenini, 8 Juni

Bibi,

Shikamoo. Tafadhali usiisahihishe barua hii.

Binti wa muuza vyuma wa mtaani kwetu alikwenda nyumbani kutibiwa, amerudi juzi. Hakujua kwamba ni siri. Alinipa pole. Nikamuuliza pole ya nini, akasema baba yake ana shehena ya mabomba ambayo baba yangu aliiagiza na hajaenda kuichukua, na karakana imefungwa muda mrefu mpaka kufuli limeota kutu.

Bibi, unamjua baba. Baba akiona kutu kwenye geti la mtu asiyemjua husimama njiani akaikwangua kwa kucha. Hawezi kuacha kufuli lake mwenyewe liote kutu akiwa yuko mjini ana "kazi nyingi mno".

Amemfuata kaka. Sivyo? Na uliponiandikia ile hadithi ya Migel alikuwa ameshaondoka. Ulikaa mezani ukanichorea mistari yao, wa nukta na wa vipande, ukijua ni ya nani.

Wewe ndiwe nahodha mwenye hesabu mbili. Moja umeiweka moyoni, na fupi umenipa mimi. Mimi si baharia wako. Kwenye somo lako hukunieleza jambo moja: wale mabaharia walipojua, walimwamini tena?

Wenzangu wote walikuwa na wageni siku ya wazazi. Mimi nilikaa kwenye ngazi za jikoni nikijiambia baba anachomelea mageti ya watu. Nilikuwa najivunia.

Mjukuu wako

*

Nyumbani, 15 Juni

Mjukuu wangu,

Nahodha amekamatwa, na hana la kujitetea. Nitakueleza yote, na mara hii kuna hesabu moja.

Kabla ya barua yako ya kwanza kufika, alikuja karakanani baharia mmoja kutengenezesha kitanda cha chuma. Katika maongezi alisema kwamba kwenye bandari moja ng'ambo aliona kijana wa huku, mgonjwa, analala nyuma ya maghala, anabeba mizigo siku anazoweza kusimama. Ana kovu la moto kwenye kiwiko. Unajua ni kovu gani. Baba yako hakumaliza kile kitanda. Alichukua kinyago chake cha kuchomelea, akaenda bandarini, akapata kazi ya fundi kwenye meli inayopita huko.

Alisimama getini na begi lake akaniambia, "Mama, mtoto asiambiwe, ana mitihani." Nikamwambia sidanganyi wanafunzi. Akasema, "Huyu si mwanafunzi wako, ni mtoto wangu." Halafu akasema, "Siku anafunga shule, nimempata kaka yake au sikumpata, nitakuwa nimekaa kwenye kiti kile. Wote tukutane hapa siku hiyo." Akasukuma geti, likalia, akacheka, akasema akirudi atalitia mafuta.

Tangu hapo hatujapata hata mstari mmoja.

Mama yako ameacha kuzungumza. Anashona, anapika, anapokea nguo za wateja kwa kutikisa kichwa. Lakini geti likilia tu huinuka. Ni muuza maziwa, ni mbwa wa jirani, ni upepo. Anajua kabisa ni upepo, na anainuka.

Umeniuliza kwa nini nilikuandikia hadithi ile wakati ule. Sikupanga. Nilitaka kukuandikia Magelani. Kalamu ilikwenda ilikokuwa inaumia.

Kuhusu mabaharia kumwamini tena nahodha, sijui. Najua tu kwamba walibaki naye ndani ya chombo kimoja. Baki nami. Maliza muhula wako. Siku ya kufunga tutakuwa hapa, viti vyote mezani.

Bibi yako

*

Bwenini, 29 Juni

Mke mwenzangu,

Shikamoo. Nimelia, nimemaliza. Nimekusamehe, kwa sharti kwamba usinifiche jambo tena. Barua hii unaweza kuisahihisha, nimekosea koma kadhaa makusudi usije ukaona umestaafu.

Nimewachagua hao ndugu wa Corte-Real. Mwalimu amefurahi, hakuwa amewasikia. Ila anataka tueleze maisha ya ndani ya meli, kwamba watu waliishije humo, na kitabu chetu hakisemi. Nina maswali, na najua swali kwako ni kama mfupa kwa mbwa, samahani Bibi.

Maji ya kunywa waliyatunzaje yasioze? Chakula gani hakiharibiki safarini, na mtu anaweza kukikausha mwenyewe? Kuna aliyewahi kusafiri kwa kujificha, bila nahodha kujua, na alijificha wapi? Na kuna mwanamke yeyote aliyepanda meli za namna hiyo, hata kwa kujifanya mwanamume, na aligunduliwa kwa kosa gani?

Matroni asishangae, ni ya mradi.

Mwambie mama nitakapokuja nitamfulia mashuka yote.

Mke mdogo

*

Nyumbani, 5 Julai

Mke mwenzangu kipenzi,

Marahaba! Hujui ulivyoniondolea jiwe kifuani. Nimesoma maswali yako nikavaa miwani yote miwili. Haya ndiyo maswali. Wenzako watakariri tarehe, wewe unauliza mtu alikunywa nini.

Maji yaliwekwa kwenye mapipa ya mbao, na baada ya muda yaligeuka kijani na kunuka. Hakukuwa na dawa, walifumba pua wakanywa. Chombo kisichopitisha hewa na mwanga ndicho kinachofaa, na hilo ni kweli hata leo. Chakula chao kikuu kilikuwa mkate uliookwa na kukaushwa mpaka ukawa mgumu kama kigae. Mkate ukikaushwa vizuri, ukae pakavu, hauoti ukungu. Waliugonga mezani kwanza ili wadudu watoke, ndipo wakaula.

Kuhusu mzamiaji, unaye, na ni maarufu! Balboa, Mhispania aliyekuja kuiona Bahari ya Pasifiki kutokea upande wa pili, anasimuliwa kuwa alitoroka kisiwani akiwa amejificha ndani ya pipa pamoja na mbwa wake. Meli ilipofika mbali ndipo alipojitokeza, maana nahodha akishafika katikati ya bahari hawezi kukurudisha. Mtu mzima ndani ya pipa! Na mbwa asibweke! Mimi ningemjengea sanamu yule mbwa.

Na mwanamke yupo, ingawa si wa zama zako, ni zaidi ya miaka mia mbili baadaye. Alikuwa Mfaransa, alijifunga kifua, akavaa suruali, akapanda meli kama msaidizi wa mtaalamu wa mimea, na inasemekana ndiye mwanamke wa kwanza kuizunguka dunia. Alifanikiwa muda mrefu kwa sababu alifanya kazi kuliko wanaume wote. Muweke mwishoni mwa maelezo yako, darasa litaamka.

Huku hakuna jipya. Nimekataa kufikiria vibaya. Barua yako nimeisoma kwa sauti, na mama yako kwenye lile la mashuka akatabasamu. Kidogo, lakini nimeona.

Koma zako nimezirudisha mahali pake.

Mke mkubwa

*

Bweni la wasichana, 14 Julai

Kwa Bibi mheshimiwa,

Mimi ndiye matroni unayenisalimia katikati ya barua zako. Sijambo. Barua hii nampa dereva wa shule aipitishe kwako mwenyewe, haitapita posta wala kwa mkuu wa shule.

Mjukuu wako amekata nywele zote. Nilipomuuliza akasema ni joto, na huku kuna baridi ya kuumiza meno. Gauni lake la Jumapili amelibadilisha na suruali ya mtunza bustani. Chini ya godoro nimeona vipande vya mkate vimekaushwa na kufungwa kwenye kitambaa, chupa zilizofunikwa kwa karatasi nyeusi, na ramani uliyomchorea. Ameongeza mstari wa tatu. Unaanzia hapa shuleni.

Sikugusa kitu. Nikivigusa ataondoka siku hiyo hiyo bila mkate. Nikimpeleka kwa mkuu wa shule atafukuzwa, na akifukuzwa ndiyo atakuwa amefunguliwa njia. Lori la mboga hulala hapa kila Ijumaa, na asubuhi hushuka bandarini. Ijumaa iliyopita nilimwona anaongea na utingo wake.

Mama, nimelea watoto wa watu miaka mingi, nakamata hata anayeficha pipi. Lakini barua yako ya pipa na mbwa niliisoma, nikacheka peke yangu, nikaifunga bahasha kwa mkono huu, nikampelekea. Leo natamani nisingejua kusoma.

Anakusikiliza wewe tu. Andika haraka, dereva anarudi kesho. Nitampa mwenyewe.

Matroni

*

Nyumbani, 15 Julai

Mjukuu wangu,

Dereva amekaa sebuleni anangoja, kofia mkononi. Matroni ameniandikia. Usimchukie. Angeweza kukutangaza mbele ya gwaride na hakufanya hivyo.

Uliniuliza maswali manne, nikajibu yote manne. Maisha yangu yote mtoto akinyoosha kidole mimi hujibu kwanza, ndipo nimtazame usoni. Safari hii uso sikuuona, nikajibu tu, tena kwa furaha. Nimekufundisha kukausha mkate. Nimekwambia ujitokeze meli ikishafika mbali. Laiti ningekuwa mjinga.

Nikitaka kukutisha, ninayo ya kukutisha. Pipa la Balboa lilikuwa juu, penye hewa, na alikuwa na marafiki melini. Wanaozamia siku hizi wanajifungia kwenye matumbo ya meli, katikati ya makasha, na hewa inaisha kabla ya mkate. Lakini hayo unayajua, na bado umekata nywele. Basi sikutishi.

Nikitaka kukukataza, sina nguvu. Mfalme wa Ureno alikuwa na askari wa kukaa bandarini. Mimi nina fimbo na nyonga iliyovunjika. Nimejaribu asubuhi hii kufika kituo cha basi ili nije mwenyewe. Nimefika kwa fundi viatu, watu wakanirudisha kwa mkokoteni.

Nilikuandikia habari ya ndugu wa tatu kwa mstari mmoja, kama jambo la pembeni. Nilikosea, na kosa hilo hakuna wino mwekundu wa kulitosha. Kwa mfalme yule, na kwangu mimi leo, hiyo ndiyo habari yenyewe. Wawili wamekwenda na hakuna awezaye kuwaita. Amebaki mmoja ambaye bado anasikia.

Utauliza: nani atawatafuta? Mfalme alipomkatalia, alituma meli nyingine ziende badala yake. Mimi nimeandika kwa wakala wa meli ya baba yako, kwa nyumba za mabaharia katika bandari zote ninazozijua, na zile bandari nilizifundisha kwa hiyo nazijua. Hajajibu mtu. Najua haitoshi. Sitakudanganya tena nikwambie inatosha.

Mama yako sijamwambia. Geti likilia anainuka kwa ajili ya wawili. Nikimwambia, ataanza kuinuka kwa ajili ya watatu, na sioni kama miguu yake itaweza.

Mke mwenzangu, nakuomba. Watu wazima wa mji huu niliwachapa kwa kusahau miji mikuu ya dunia, na hakuna aliyewahi kunisikia nikiomba. Nyonga hainiruhusu kupiga magoti, lakini yahesabu magoti hayo kuwa yamepigwa. Baba yako alisema tukutane siku ya kufunga shule. Akifika akakuta kiti chako kitupu, atageuka pale pale kukufuata, na hatutamaliza.

Njoo nyumbani.

Bibi

*

Bwenini, 22 Julai

Bibi,

Shikamoo. Matroni alinipa barua yako Ijumaa jioni. Aliiweka juu ya kitanda, akaenda zake, akaacha mlango wa bweni wazi. Hajawahi kuuacha wazi. Sijui kama alisahau au alitaka niamue mwenyewe.

Lori liliondoka asubuhi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za jikoni, nimevaa ile suruali. Utingo alinipigia mluzi, nikashindwa kuinuka. Sijui kama huo ni utii au ni woga tu. Usiniambie ni utii. Na Ijumaa nyingine inakuja, nyingine tena mpaka shule ifungwe, na sikuahidi kitu kwa sababu wewe na mimi tumeshadanganyana vya kutosha.

Leo nilisimama mbele ya darasa. Mwalimu akauliza kama alivyowauliza wote: walitafuta nini, walipata nini? Nikasema wa kwanza alitafuta nchi, wa pili akamtafuta wa kwanza, na hakuna anayejua kama walipata. Binti wa muuza vyuma akanyoosha mkono: "Na wa tatu?" Nikasema alikatazwa. Akasema, "Halafu?"

Bibi, nilisimama pale na chaki mkononi mpaka mwalimu akaniambia nikae.

Halafu? Huyo aliyekatazwa aliishije? Alikaaje mezani akala, akijua? Kila mtu anajua njia waliyopita wale wawili, hata wewe uliichora. Njia ya huyu hujaichora.

Usinijibu kwa posta. Sijui barua itanikuta wapi.

Wa tatu

*

Nyumbani, 9 Agosti

Mwanangu,

Bahasha hii nimeiandika jina la meli yako tu na kazi yako, "fundi wa kuchomelea". Karani wa posta alinitazama kwa huruma. Nikamwambia aigonge mhuri, huruma abaki nayo.

Leo ndiyo siku uliyopanga. Mkeo aliamka mapema akafuta viti vyote, chako akakifuta mara mbili. Mimi nilikaa mlangoni na fimbo yangu. Geti lilikuwa halinyamazi. Muuza maziwa. Mbwa wa jirani. Mteja wa nguo. Upepo, upepo, upepo. Kila mara mkeo aliinuka, kila mara akakaa. Mchana ukapita. Wasichana wengine wa mtaa wenye masanduku ya shule nikawaona wanapita, wanacheka, na wa kwetu hakuwemo. Binti wa muuza vyuma alipita pia. Nikamwita nimuulize, akasema kwenye basi lao hakumwona. Nikamshukuru. Sikumwambia mkeo, lakini alikuwa amesimama nyuma yangu.

Sitaweza kukueleza ile alasiri. Mimi, ninayeeleza kila kitu.

Halafu geti likalia tena, mkeo akainuka, na safari hii hakukaa. Alisimama pale kijana mwembamba, nywele fupi, suruali imekunjwa miguuni, sanduku begani. Nikwambie ukweli: kwa pumzi moja nilidhani ni mjukuu wangu wa kiume karudi. Nilitaja jina lake. Mkeo hakukosea. Yeye ambaye hajazungumza tangu uondoke alimwita mtoto kwa jina lake la kweli, kwa sauti ya kumwita aje ale, kama vile alikuwa nje anacheza.

Alichelewa kwa sababu alipanda basi jingine, akashuka kwenye njia panda ya bandarini akakaa huko na sanduku lake. Kilichomtoa pale hakusema, nami sikuuliza. Ninajifunza kutouliza, na kutojibu.

Maana alipokaa tu aliniuliza, "Halafu, Bibi?" Ni swali la shuleni, refu kukueleza, linahusu mtu aliyezuiwa kuwafuata ndugu zake waliopotea baharini, kwamba aliishije. Vitabu vinasema aliishi miaka mingi na akashika cheo cha baba yao. Aliishije, havisemi. Nikamwambia, "Sijui." Akanitazama kana kwamba nimevua meno. Akacheka, na kicheko kikageuka kilio, na sote watatu tukalia huku chakula kinapoa. Kisha tukala. Nadhani jibu lilikuwa hapo hapo, lakini sikulisema.

Ameleta kazi yake ya historia. Mwalimu amempa alama za juu. Mimi ningempunguzia moja kwa mwandiko.

Sasa kumeanza kuwa na giza, na kiti chako hakijakaliwa, wala cha kijana wako. Nataka ujue hatujavitoa mezani. Zile meli zilizomngoja Migel zilingoja kiasi chao, na zilipoona haji zikang'oa nanga zikarudi kwao. Siwalaumu, walikuwa baharini. Sisi ni nyumba, mwanangu, hatuna nanga ya kung'oa. Ukichelewa, umechelewa tu.

Fundi mmoja jirani alikuja juzi kwa wema wake na kopo la mafuta, alitie geti letu lisiendelee kusumbua mtaa. Mkeo alimzuia kwa mikono miwili. Halijatiwa mafuta, na halitatiwa. Ukilisukuma, saa yoyote, tutakusikia.

Mama